Kufuli Nililolirudisha Asubuhi

Kuna msomaji aliyeniandikia wiki iliyopita akaniita mwoga. Kalamu nyekundu, mistari miwili chini ya neno lenyewe. Ndugu yangu, ulikuwa na haraka gani? Ungesubiri ya leo.

Kwa mgeni wa safu hii: mimi ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali, yule anayeitwa Kufuli na kila mtu, kuanzia daktari bingwa hadi mama wa kufua mashuka. Jina lilinikaa tangu kirusi kilipoingia kwenye kompyuta za maabara kwa flashi ya mtu aliyekuwa anaangalia filamu zake kazini. Siku mbili hatukutoa jibu hata moja la damu. Baada ya hapo nilifunga kila kinachofungika. Hata vishikwambi ambavyo wauguzi wanaandikia dawa nikavipa dakika mbili tu. Usipokigusa kwa dakika mbili kinajifunga, na hakifunguki mpaka uingize namba yako ya siri, tarakimu nane.

Wauguzi walinichukia waziwazi. Mmoja aliniamkia "Shikamoo Kufuli" mbele ya wagonjwa, wodi nzima ikaangua kicheko.

Dada yangu hakucheka. Yeye ndiye muuguzi kiongozi wa wodi ya nne, na ndiye aliyenilea tangu mama alipotutoka nikiwa darasa la pili. Alikuja hadi chumbani kwangu akanivalisha glavu zilizolowa, akanisogezea kishikwambi.

"Haya. Andika hizo tarakimu zako nane."

Nikaandika. Kikakataa. Nikarudia. Kikakataa. Mara ya tatu kikagoma kabisa, kikaniambia nisubiri robo saa.

"Robo saa," alisema dada. "Jana mgonjwa wangu anabadilika rangi, mimi nabonyeza tarakimu. Hivi wewe unamlinda nani, mdogo wangu? Kompyuta?"

Nikafanya nilichokifanya. Kishikwambi kimoja tu, kile cha troli ya dawa ya wodi yake, nikakiondolea kufuli. Dada anaingia asubuhi kwa namba yake, kinabaki wazi kwa jina lake mpaka zamu iishe. Sikuandika popote. Sikumwambia bosi wangu, ambaye tunamwita Bwana Sera kwa sababu hawezi kukupa mkono kabla hajakutajia kifungu. Wauguzi wa wodi ya nne wakaanza kunichekea nikipita, nami nikajiona mtu.

Hapo ndipo tulipoachana wiki iliyopita, nikijiona mtu.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Bwana Sera aliniita ofisini kwake. Nilimkuta na Metroni, mkubwa wa wauguzi wote, amekaa wima na mkoba wake bado begani.

"Kaa," alisema Bwana Sera. Hakutaja kifungu chochote, nikajua mambo si mazuri.

Metroni ndiye aliyeanza. "Unamfahamu mwalimu wa kitanda cha sita, wodi ya nne?"

"Yule mstaafu? Namfahamu sana." Mzee yule alikuwa hawezi kuniona napita bila kunisimamisha na kunisahihisha lugha.

"Ana kifafa. Dawa yake ya saa saba mchana haitakiwi kukosa. Juzi Jumamosi, saa kumi na moja jioni, kifafa kikamshika, akaanguka kutoka kitandani, akajigonga kichwa kwenye chuma. Yuko chumba cha mahututi. Mpaka sasa hajafumbua macho."

"Maskini."

"Kishikwambi kinasema dawa alipewa. Damu yake tumeipima, inasema hakupewa."

Kuna kosa ambalo muuguzi yeyote atakwambia ni baya kuliko kusahau dawa. Ni kuandika umeitoa wakati hukuitoa. Ukisahau, mwenzako atakuja na troli, ataona nafasi iko wazi, atampa mgonjwa. Ukiandika uongo, mwenzako anaona tiki ya kijani, anapita zake. Ndivyo ilivyokuwa kwa mwalimu. Muuguzi wa saa saba aliona tiki, akapita.

"Nani aliyeandika?" niliuliza.

Metroni alivua miwani. "Dada yako."

"Dada yangu?"

"Anasema hakugusa," Metroni aliendelea. "Anasema wakati huo alikuwa ndani ya lifti, anampeleka mgonjwa upasuaji. Lifti haitoi ushahidi, na huyo mgonjwa alikuwa ameshachomwa sindano ya usingizi. Saa tisa alasiri tunakaa kikao. Ikithibitika, jina lake linafutwa kwenye orodha ya wauguzi. Miaka ishirini na sita ya kazi, inaondoka hivyo."

Bwana Sera akanigeukia. "Wewe utatuletea kumbukumbu za kile kishikwambi. Najua ni dada yako. Lakini hapa hakuna mwingine anayezijua kama wewe, na mimi nakuamini."

Nilipaswa kusema palepale. Sentensi moja tu: hicho kishikwambi hakina kufuli, nimeliondoa mimi, yeyote angeweza kubonyeza kwa jina la dada. Badala yake nikasema, "Sawa, bosi," nikatoka.

Nilirudi chumbani kwangu nikajifungia. Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Wakiuliza nani aliondoa kufuli, jina ni moja tu.

Nikafungua ukurasa wa mipangilio. Wodi ya nne, troli. Kufuli: hakuna. Nikabonyeza mara moja. Kufuli: dakika mbili.

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na saba.

Nilijiambia namlinda dada. Wakijua aliomba afunguliwe, watamwongezea kosa juu ya kosa. Nilijiambia hivyo kwa sauti kabisa, peke yangu chumbani, kama mtu anayefanya mazoezi ya hotuba.

Dakika chache baadaye ndipo nilipoelewa nimefanya nini. Kishikwambi kisicho na kufuli, mtu yeyote angeweza kukigusa. Kishikwambi chenye kufuli la dakika mbili, aliyekigusa lazima awe na namba ya siri ya dada. Nilikuwa nimemzibia njia pekee ya kutokea.

Nikataka kuliondoa tena. Lakini kila badiliko linaandikwa kwenye seva, kwa jina langu na kwa saa yake, na hilo siwezi kulifuta. Badiliko moja labda lisingeonekana. Mawili ndani ya asubuhi moja yangepiga kelele. Nikiwa bado nimeshika kipanya, simu ikaita.

Dada.

"Umeshaambiwa?"

"Nimeambiwa."

"Sasa nisikilize, na usinikatize. Habari ya kufuli usiitaje. Mimi ndiye niliyeomba."

"Dada, watakufuta!"

"Nimekwambia usinikatize. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Wewe ndiyo kwanza unaanza, na wifi yangu ana tumbo lile. Wakituondoa wote wawili, huyo mtoto atalelewa na nani? Bwana Sera? Atamnyonyesha kwa kifungu cha ngapi?"

Hata siku ile alinichekesha. Nilicheka huku machozi yananilenga, na sikumwambia nilichokifanya robo saa iliyopita.

"Kuna mtu wodini alibonyeza," nilisema. "Nitamtafuta kwenye kumbukumbu."

"Usimtafute."

"Kwa nini?"

"Nimesema usimtafute. Umekula?"

Kabla sijajibu akakata simu.

Dada mkubwa akikukataza kitu, hapo ndipo mkono unapokwenda. Nikafungua kumbukumbu za Jumamosi. Nikashuka na orodha mpaka mchana. Kitanda cha sita. Dawa ya kifafa. Imetolewa. Jina la dada. Saa sita na dakika arobaini mchana.

Saa sita na dakika arobaini. Niliitazama ile saa mpaka tarakimu zikaanza kunichezea.

Jumamosi, saa sita na robo hivi, dada aliniletea kishikwambi cha troli mwenyewe. Tundu la chaji lilikuwa limelegea. "Nitengenezee upesi, nampeleka mtu upasuaji," alisema, akatimua mbio. Nikakifungua, nikabana vizuri, nikarudisha kioo.

Sasa ukisharudisha kioo, kazi ya fundi ni kukipima kama kinahisi kidole kila upande. Vishikwambi vyote vinavyonijia huwa vimefungwa, na bila namba ya muuguzi vinafungua ukurasa mmoja tu, ule wa mazoezi. Humo yumo mgonjwa wa majaribio, kitanda namba sifuri, mtu asiyekuwepo duniani. Huyo nimeshampa dawa maelfu ya mara. Imetolewa. Ndiyo. Tiki ya kijani. Vidole vyangu hufanya hivyo vyenyewe huku mimi nakunywa chai na kupiga soga kwenye simu.

Kile hakikuwa kimefungwa. Nilikuwa nimekifungua mwenyewe.

Kilikuwa wazi kwenye orodha ya kweli, kwa jina la dada yangu. Na wa kwanza juu ya orodha, dawa yake ikikaribia saa yake, alikuwa mwalimu wa kitanda cha sita. Nikabonyeza. Imetolewa. Ndiyo. Tiki ikatokea. Nakumbuka hata nilisema "safi," nikakipandisha wodini, nikakiweka juu ya troli, nikaenda zangu kula. Jina la mzee wa watu lilipita mbele ya macho yangu nami sikulisoma.

Nililia. Sitii chumvi. Nililia nikiwa nimeuma mkono wa shati ili wa chumba cha pili wasisikie.

Halafu nikakumbuka lile neno la dada. Usimtafute. Yeye ndiye aliyeniletea kishikwambi, alijua kilikuwa mikononi mwa nani saa ile. Alikuwa ameshajua ni mimi.

Saa tisa kasoro dakika tano nilipiga moyo konde, nikapanda ngazi.

Chumba cha mikutano kilikuwa na watu wanne. Metroni. Bwana Sera, na kile kishikwambi mbele yake. Katibu wa kikao, kalamu mkononi. Na dada yangu, sare yake imepigwa pasi, mikono juu ya meza, karatasi moja mbele yake.

Sikukaa.

"Ni mimi," nilisema. "Mimi ndiye niliyebonyeza ile dawa."

Nikapasua jipu lote. Glavu, kufuli nililoliondoa, tundu la chaji, kitanda namba sifuri. Hakuna aliyenikatiza.

Metroni hakushtuka hata kidogo. "Dada yako alituambia utakuja kusema hivyo."

"Kusema nini?"

"Kwamba ni wewe. Anasema tangu ukiwa mtoto, ukiona anakaribia kuadhibiwa, ulikuwa unajitwika kosa lake. Ameshakiri, baba. Aliandika kwanza, akakusudia kutoa dawa akirudi kutoka upasuaji, akapitiwa. Amesaini."

Nikamtazama dada. Yeye aliitazama meza.

"Anawadanganya!"

"Mmoja wenu anadanganya, hilo ni kweli," alisema Bwana Sera. Akakisogeza kishikwambi katikati ya meza. "Unasema hiki hakina kufuli. Metroni, ingia kwa namba yako. Vizuri. Sasa asikiguse mtu."

Wewe msomaji, jaribu leo kukaa dakika mbili bila neno na watu wanne ukitazama kioo. Katibu aliacha kuandika. Mtu alipita koridoni akipiga mluzi, akapotea. Nilijua kitakachotokea na bado nilikuwa naomba kisitokee.

Mwanga ukafifia. Kioo kikazima. Kisha maandishi yakatokea: ingiza namba ya siri.

"Kufuli lipo," alisema Bwana Sera, na sauti yake haikuwa na furaha yoyote. "Kijana, tunajua unampenda dada yako. Kaa chini."

Nataka uelewe jambo hili vizuri, hasa wewe mwenye kalamu nyekundu. Pale pale ningeweza kukaa. Kila kitu kilikuwa kimepangwa kwa faida yangu. Dada amekiri, amesaini, kufuli limenitetea. Ningerudi nyumbani na kazi yangu na jina safi, na watu wangenisifu juu yake kwamba nilijaribu kumwokoa dada yangu. Nilikuwa nimeshavuta kiti.

"Nipeni kompyuta," nilisema.

Bwana Sera alinisogezea yake. Nikaingia kwenye seva, nikafungua orodha ya mabadiliko yote ya vishikwambi, nikaigeuza ili kila mtu aone. Mwaka huu kishikwambi cha troli ya wodi ya nne kilikuwa na mistari miwili tu.

Bwana Sera alisoma kwa sauti, akifuata kwa kidole. "Tarehe tatu, mwezi wa pili. Kufuli limeondolewa. Aliyeondoa..." Akanitazama. "Wewe."

Akashuka mstari. "Leo. Saa nne na dakika kumi na saba asubuhi. Kufuli limerudishwa." Mara hii alikawia kunyanyua macho. "Wewe."

"Kwa hiyo Jumamosi kilikuwa wazi," alisema Metroni polepole.

"Kilikuwa wazi, Metroni. Na nilikuwa nacho mimi."

Bwana Sera alijishika paji la uso. "Ungekuja kwangu. Zipo kadi za kugusisha, muuguzi anaivaa shingoni, kishikwambi kinafunguka hata akiwa na glavu. Ningekukatalia wiki ya kwanza. Wiki ya pili ningekubali. Hilo tu! Kwa nini hukuja?"

Nilikuwa namtazama dada. Alikuwa ameinua uso kwa mara ya kwanza tangu niingie. Nilitegemea kuona hasira kwamba nimeharibu mpango wake, au pengine nafuu. Sikuona hata kimoja.

"Ya Jumamosi niliyajua," alisema, kwa sauti ya chini, kama tuko wawili tu jikoni. "Waliponitajia saa nikajua. Nikasema kidole kimeteleza. Ni kidole cha mdogo wangu, nitakibeba."

"Dada..."

"Leo uliitwa ofisini saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Saa tatu wakakwambia ninayeshtakiwa ni mimi."

Nikainamisha kichwa.

"Nijibu kwa mdomo."

"Waliniambia."

"Na saa nne na dakika kumi na saba ukarudisha kufuli."

Uongo ulikuwa tayari ulimini, ule niliouandaa asubuhi, kwamba nilikuwa namlinda yeye. Ungetoka vizuri tu, nilikuwa nimeshaufanyia mazoezi.

"Ndiyo, dada," nilisema.

Akaivuta ile karatasi aliyoisaini, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni mwa sare yake. Metroni alinyoosha mkono kumzuia, akaghairi.

"Metroni, naomba karatasi nyingine," alisema dada. "Na huyu atoke nje niandike."

Huyu. Maisha yangu yote hajawahi kuniita hivyo, hata siku niliyomvunjia saa ya mama.

Nilitoka, Bwana Sera akasimama kufunga mlango. Kabla haujagusa fremu nilimsikia Metroni akimuuliza, "Una hakika na unachotaka kuandika, Sista?" Jibu la dada sikulisikia.